Ubao Uliokunjwa Kama Shati

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Mzee Pumzi aliutandaza ubao wa kujazwa upepo, ule wa kusimama na kupiga kasia ziwani, kwenye sakafu ya duka, akachomeka mpira wa pampu na kuanza kujaza upepo. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Lakini upepo ulioingia ulimpuliza miguuni. Alipougeuza ubao, mpini wa pampu ulimtoka mkononi. Ubavu mzima ulikuwa umepasuliwa kando ya mshono, kutoka puani, ncha ya mbele, hadi mkiani, mstari umenyooka kama uliopigwa rula.

Mwenye ubao alikuwa mlangoni, kasia begani, jaketi la kuokolea limefungwa hadi kidevuni. Huyu ni Muuguzi, mjane aliyestaafu juzijuzi, na asubuhi hiyo ndiyo angesimama juu ya ziwa kwa mara ya kwanza maishani. Dada yake mkubwa, mshonaji, alikuwa nyuma yake na chupa ya chai. Muuguzi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama mpasuko ule kama anavyotazamwa maiti wa mtu unayemjua.

Mwenye duka, aliyemwajiri Mzee Pumzi, aliita polisi, akasema kuna mtu alitaka kumzamisha mteja wake.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye mpasuko, kisha akauliza ubao huu ulichaguliwaje.

Akasimuliwa. Alhamisi Muuguzi alikuwa ameupenda ubao wa mashindano, mrefu, mwembamba, unaong'aa. Mzee Pumzi akamkatalia. Alimwambia ubao mwembamba ni kama mume mtanashati: utasifiwa naye ufukweni, halafu atakutupa majini mbele za watu. Anayeanza aanze na upana. Akamtolea mmoja mnene, mpana kama mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi ncha za vidole, wa kijivu. Muuguzi akasimama juu yake pale pale sakafuni, akayumba, akacheka. Mwenye duka akasema angeweza kuagiza kama huo wa njano. Dada ndiye aliyejibu, kwa ukali kidogo, kwamba rangi yoyote ila njano. Ubao mpana ulikuwa huo mmoja tu dukani, na Muuguzi alisema akiukosa huo, basi, hanunui tena.

Ufunguo wa stoo, ubao ulikolala tangu uliponunuliwa Alhamisi, huwa kwa Mzee Pumzi peke yake. Mwenye duka akakumbusha pia kwamba mzee alinung'unika ulipouzwa, maana alitaka ubaki wa kukodisha.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Mzee Pumzi. "Miaka yote hii, leo nimekuwa muuaji."

Alisema jambo moja zaidi, ambalo wengine hawakulijali. Ijumaa mchana ubao aliuacha umeviringishwa. Asubuhi aliukuta umekunjwa ndani ya mfuko wake wa kubebea.

Mkodishaji wa boti wa jirani naye aliitwa, kwa kuwa hakupenda kabisa biashara hii ya mbao za kasia. Alifika shavu limeumuka kama andazi. Ijumaa tangu mchana hadi jioni alikuwa kwa daktari wa meno, na stoo ilifungwa kabla hajatoka huko.

Inspekta aliuinua mfuko. Mkanda wake wa begani ulikuwa mpya. Dada akaeleza kwamba ule wa zamani ulikatika, ndiyo maana Ijumaa jioni alikuja na sindano yake, Mzee Pumzi akamfungulia stoo, naye akashona humo peke yake hadi wakati wa kufunga. Mfuko wenyewe, alisema, hakuufungua. Mwenye duka akaongeza kwamba ndugu wa namna hiyo siku hizi hawapatikani.

Basi Inspekta akaomba ubao mwingine utandazwe, akamtaka kila mmoja aurudishe mfukoni. Mzee Pumzi alianzia puani, akaviringisha kuelekea mkiani kwenye vali, tundu la upepo, akibana kwa goti ili upepo wote utoke. Mkodishaji wa boti alifanya vivyo hivyo huku ameshika shavu. Mwenye duka pia.

"Na mimi?" aliuliza Dada. "Mimi ni ndugu yake."

"Ni utaratibu tu, mama."

Dada akapiga magoti. Akaulaza ubao kifudifudi, akaingiza ubavu huu ndani, akaingiza na ule, akaupiga kofi jepesi katikati, akaukunja mara mbili. Mikono ilifanya kabla kichwa hakijaizuia. Pale sakafuni palikuwa na shati kubwa, limekunjwa tayari kwa mteja.

Mzee Pumzi alivuta pumzi, asiitoe.

"Hivyo ndivyo nilivyoukuta," alisema.

"Anayetaka mtu azame hutoboa kitundu kidogo," Inspekta alisema taratibu, "kimsaliti katikati ya ziwa. Huu haungejaa hata pumzi moja. Aliyeupasua alitaka usifike majini kabisa. Na alipita kando ya mshono, kwa sababu mshonaji hajui kukata pengine."

Muuguzi aliinuka kwenye ndoo. "Dada?"

Dada hakuinuka. Alisema akiwa amepiga magoti hivyo hivyo, macho sakafuni. "Kaka yetu hakufa kwa homa. Alitolewa humu ziwani. Siku ya tatu. Uso haukuwepo tena. Waliniita mimi, nikamtambua kwa mshono wa shati, kwa kuwa nilimshonea mwenyewe. Wewe ulikuwa unanyonya. Mama akasema usiambiwe."

"Miaka yote hii mmeniambia homa."

"Ndiyo."

Hata Inspekta alitazama pembeni. Kisha akauliza kama mwenye ubao atashtaki. Muuguzi akatikisa kichwa. Akamwambia dada yake amwombe radhi Mzee Pumzi, hapa hapa, kwa sauti. Dada akaomba. Mzee akaitikia kwa shida, akaenda kuiokota pampu yake.

"Shati lilikuwa rangi gani?" Muuguzi aliuliza.

Dada alipitisha kiganja kwenye ubao alioukunja. "Njano. Nilitaka nimwone kwa mbali anaporudi."

Muuguzi alilegeza jaketi kidevuni. Akamgeukia mwenye duka, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ule mpana wa njano," alisema. "Niagizie."