Nukuu Elfu Kumi na Tisa za Profesa Rifaat

"Mwewe, kuku kavunja banda. Yuko Nuweiba. Usimchinje kabla hajatapika."

Kapteni Mervat Duweidar, ndiye Mwewe, alizima redio yake ya Motorola, akakanyaga mafuta. Hilux ikapita kizuizi cha bandari ikiyumba, ikasimama kwa kishindo.

Feri ya kwenda Aqaba, ng'ambo ya Jordan, ilikuwa inapandisha abiria.

Kuku mwenyewe alikuwa Profesa Rifaat Shanawani, bingwa wa virusi na kinga ya mwili. Makala zenye jina lake zilizidi mia tatu. Zilikuwa zimenukuliwa mara elfu kumi na tisa, na alipoingia ukumbini watu walisimama.

Ptuu!

Kazi ilikuwa ya Daktari Hanaa Qandil. Mama yule ndiye aliyepambana na mafua ya ndege mpaka akaotesha mbegu ya chanjo, yaani kirusi kilichopoozwa cha kutengenezea chanjo. Kila makala ilipotoka, jina la Rifaat lilikaa mbele, lake likasukumwa mkiani au likafutwa kabisa. "Ndiyo desturi, mwanangu," Rifaat alimwambia. "Mkuu wa maabara hutangulia."

Sasa desturi haikumtosha. Aliiba mbegu yenyewe, ile moja tu iliyopo, ndani ya chupa ya baridi iliyofungwa utepe wa maabara, ili awakabidhi wageni waliotaka Misri nzima iwapigie magoti ugonjwa ukirudi.

Mervat alipanda; sitaha ilijaa vibarua wanaume. Kanzu, vilemba, mablanketi, vibuyu vya maji. Rifaat wa kwenye picha alivaa suti na miwani, masharubu meusi ya kupaka rangi. Wa leo bila shaka alikuwa ameyanyoa.

Simu ililia. Hanaa.

"Umempata?"

"Bado, dada. Nikianza kupekua watu, ataimwaga baharini."

"Akifungua tu chupa, imekufa!" Hanaa alikuwa akilia kwa hasira. "Mshenzi huyu! Nilijifungua, nikarudi maabara kabla ya arobaini kwa ajili ya ile mbegu. Mtoto namwachia mama yangu! Leo aiuze kama maharage ya ful ya barabarani?"

"Sasa nifanyeje?"

"Zitukane nukuu zake."

"Nini?"

"Nisikilize mimi, nimemvumilia miaka. Mtukane mama yake, atacheka. Ziguse nukuu zake, hapumui. Ndivyo walivyo hawa."

Mervat alijitupia baibui juu ya bastola yake ya Helwan, akajichomeka katikati ya sitaha, simu sikioni. Akapaza sauti kama shangazi anayesuta.

"Eti nani? Rifaat wa virusi? Usinichekeshe, shosti! Yule nani anamnukuu zaidi ya yeye mwenyewe?"

Watu waligeuka. Mzee mmoja aliyekuwa akimenya kitunguu aliuliza, "Kunukuu ndiyo nini, hajati?"

"Ni kusema fulani kasema, baba. Sasa huyu, wanaosema kasema, nusu yao ni yeye!"

"Makubwa!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Anajipigia vigelegele harusini kwake!"

Sitaha ikaangua kicheko.

Mmoja tu hakucheka. Kibarua wa kilemba cheupe kando ya ukingo, chupa kama ya chai kaikumbatia kifuani, midomo inamcheza.

Mervat akakoleza.

"Na ile makala yake kubwa ya kinga ya kuku? Waliikataa, shosti! Walimrudishia kama talaka!"

"Haikukataliwa!"

Kibarua alikuwa amesimama, mate yanamruka. "Ilirudishwa kwa masahihisho madogo! Madogo, mjinga wewe!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

Rifaat alishtukia alichosema. Amechelewa.

Jitu la koti la ngozi lililosimama kando yake lilichomoa Glock. Mervat alilipiga teke la goti, akalimalizia kwa kiwiko cha koo. Bastola ilianguka. Mzee wa kitunguu akaikalia.

Lakini Rifaat alikuwa ameinyoosha chupa nje ya ukingo, vidole juu ya kifuniko.

"Ukisogea, namwaga!"

Damu ilimchemka Mervat.

"Mwaga!" alifoka. "Mwaga, halafu ukaoteshe nyingine! Si wewe bingwa? Hebu niambie, inaoteshwaje?"

Rifaat alifungua mdomo.

Makala mia tatu, na hakuwa na jibu.

Mervat hakungoja. Alimkamata kiganja, akakikunja mpaka profesa akalia. Chupa ikabaki mkononi mwa Mervat. Pingu zikalia.

"Kuku yuko tengani," alisema redioni.

Akairudisha simu sikioni. "Iko salama?" Hanaa aliuliza.

"Haijafunguliwa, dada. Utepe wako wa maabara uko vilevile."

Hanaa alipiga yowe moja, kisha akalia kwa sauti.

"We mwanamke!" Rifaat alibwata huku askari wawili wa bandari waliopanda mbio wakimwinua. "Huwezi kunikokota kama mwizi wa sokoni! Niite Daktari!"

"Daktari yuko kwenye simu," Mervat alisema. "Anakusikia."

Akaongeza sauti, akamsogezea simu usoni. Rifaat alikunja uso, akingoja matusi.

"Kapteni," ilisema sauti ya Hanaa, kavu kabisa. "Niletee chupa yangu. Huyo sina maneno naye."

Mervat aliifunika chupa kwa baibui lake, akashuka ngazi. Nyuma yake mtu alikuwa akipiga kelele juu ya nukuu elfu kumi na tisa, na vibarua wa sitaha walikuwa wakimcheka.

Hakugeuka.