Mkimbiaji wa Sita

Kila Jumamosi asubuhi Ardith Tollefson alilisha kuku na kuokota mayai huku mama yake akijaza chupa ya kakao kwa safari. Mwaka huo wa 1978, huko Iowa, Jumamosi zao zilikuwa za mbio za nyika, kwa kuwa dada yake, Verna, alikuwa katika timu ya wasichana ya chuo.

Timu ilikuwa na wakimbiaji saba, na Verna alikuwa wa sita. Lakini shuleni Ardith alikuwa amejigamba kwamba dada yake ndiye anayeongoza, na kila alipoulizwa aliongeza chumvi. Sasa rafiki yake Peggy alikuwa ameomba kuja kujionea.

"Simameni kwenye mlima wa mwisho," Mama aliwaambia. "Verna huishiwa pumzi pale. Mkimwona, mwiteni kwa jina. Timu itakayoshinda leo ndiyo itakayokwenda kwenye mashindano ya taifa."

Wakimbiaji walitokea shambani, kwenye mabua ya mahindi. Wa kwanza alivaa fulana nyekundu ya chuo cha Verna.

"Ndiye huyo?" Peggy aliuliza.

"Ndiye," Ardith alijibu.

Wengine wakapita. Hatimaye akaja Verna, uso umemwiva, nyuma ya msichana mwenye fulana ya njano. Miguu ilikuwa mizito. Ardith alimtazama Peggy. Akiita, ataumbuka. Akinyamaza, Verna atapanda peke yake. Roho ilimuuma.

"Verna! Dada Verna! Kaza! Mpite huyo!"

Verna aliinua kichwa. Akakaza, hatua kwa hatua, na kileleni akampita yule wa njano.

"He! Kumbe dada yako ni huyu?" Peggy alisema. "We Ardith, muongo mkubwa! Jumatatu utanikoma."

Ardith alikimbilia mstari wa mwisho, alikokuwa dada yake.

Matokeo yalipotangazwa, wenye nyekundu waliwashinda wenye njano kwa pointi moja tu. Verna alipiga kelele, akamkumbatia Ardith kwa jasho lake lote.

"Lakini wa sita si hahesabiwi?" Ardith aliuliza.

"Huhesabiwa nafasi za watano wa mwanzo wa kila timu, na timu yenye jumla ndogo hushinda," Mama alisema. "Yule wa njano alikuwa wa tano wao. Verna alipompita, alimsukuma nafasi moja nyuma, na jumla yao ikaongezeka moja."

Ndipo Ardith akakiri uongo wake wote. Mama alimsikiliza bila kumkatiza.

"Ungenyamaza kuulinda uongo wako, huenda tusingeshinda," alisema. "Enzi zangu chuoni wasichana hatukuruhusiwa kukimbia umbali huu. Walisema tungezimia. Mimi ningepewa hiyo nafasi ya sita, ningemtangazia kila mtu. Usimwonee haya mtu anayejituma, na usimpambe kwa uongo. Ukweli wake unatosha."

Jumatatu shuleni, wakati wa chakula, Ardith alisimama mbele ya wenzake kabla Peggy hajafungua mdomo.

"Dada yangu ni wa sita," alisema. "Na anakwenda taifa."