Jina Lililokataa Kurekodiwa

Kilichoanza kuharibika kilikuwa kitu kidogo: jina la Lemein halikuingia kwenye rekodi. Gitaa liliingia, ngoma ziliingia, hata jogoo wa jirani aliingia bila kualikwa. Lakini kila Naisula alipofika kwenye kiitikio na kulipasua koo akiita jina la kaka yake, mashine ilirudisha kimya cha neno moja, kisha wimbo ukaendelea.

"Cheki, imekata tena," Ochola alisema, akivua hedfoni. "Nai, ita tena. Na nguvu."

Hao ndio waliokuwa Kesho Hatuko, bendi ya watu watatu na mashabiki wasiojaza kibanda, waliovaa nyeusi hadi kwenye kucha katika jua la Kitengela na vumbi lake la saruji, wakipiga emo, yaani muziki wa kulia kwa makelele. Ochola alipiga gitaa na kurekodi. Naisula aliimba. Apondi alipiga ngoma na kutunga maneno, na wimbo huu aliutunga kumliwaza rafiki yake.

Lemein alikufa chini ya lori kwenye barabara ya Namanga, na tangu azikwe hakuna aliyemtaja nyumbani kwao. Wamaasai jina la aliyekufa huliacha lipumzike. Apondi alikuwa Mjaluo, na kwao marehemu huliliwa kwa jina lake, hata mtoto akapewa jina hilo ili mwenyewe atulie huko aliko. Kimya cha kina Naisula alikiona ukatili mtupu. "Mwite tu, bana," alimwambia. "Atajua unampenda." Naisula alikuwa na kilio kilichomkaba miezi mingi, akakubali upesi. Nia njema nayo huua, tusidanganyane.

Walirekodia katika chumba cha marehemu mwenyewe, uani kwa mama yake Naisula, magodoro yameegemezwa kwenye kuta zote kuzuia mwangwi. Mama alikuwa ametoka na ng'ombe wake. Mchana kutwa waliita. Ochola alisogeza maiki, akabadilisha waya, akaongeza sauti, na jina likazidi kumezwa. Kufikia alasiri chumba kilinuka ngozi mbichi, ile inayotoka kuchunwa sasa hivi.

"Tuachane na hii kitu," Apondi alinong'ona. "Naskia vibaya."

"Moja ya mwisho," Naisula alisema, sauti imekwaruzika. Akavuta pumzi, akaita.

Jina lilipomtoka tu, kitu kilimdaka shingoni kikamnyanyua hadi miguu ikaachana na sakafu, kikampigiza ukutani, kikamrudisha, kikampigiza tena pale ambapo godoro halikufika, na Ochola alipomrukia kumshika miguu, mkono mmoja ukijishikilia mwimo wa mlango, mlango ulijifungua na kujibamiza juu ya vidole vyake, mara ya pili, mara ya tatu, hadi mifupa ikasikika ikivunjika na yeye akaanguka akilia kama mtoto, huku Apondi akivuta kiuno cha rafiki yake kwa nguvu zote, akiona alama za vidole virefu zikizama katika ile shingo na damu ikichuruzika kutoka masikioni, na hakuona mkono wowote.

Mama yake Naisula aliingia mbio, kibuyu cha maziwa mkononi, ametoka kukama.

"Nani ameita?"

"Ni sisi, mama," Apondi alilia. "Mchana wote. Mama, ni Lem—"

Kofi lilimkata mdomoni. "Usiseme! Kijana yangu amelala. Jina yake mmeacha wazi kama boma haina mwenyewe, sasa fisi imeingia."

Akajaza mdomo maziwa, akayapuliza kwa nguvu juu ya binti yake, mara kadhaa, na katikati ya mapulizo akakingurumia kile kilichomshika, "Wewe si mtoto wangu! Hiyo jina iko na mwenyewe! Iache! Kwa jina ya Yesu, iache!"

Naisula akaanguka sakafuni. Akakohoa damu, akavuta pumzi yenye mluzi, kisha nyingine. Yuko hai. Apondi alimkumbatia akalia kwa furaha na aibu, kwa maana yeye ndiye aliyemtia kamba shingoni.

"Nyamaza," mama alinong'ona. Macho yake yalikuwa ukutani. "Haijatoka. Imenyang'anywa jina tu, sasa inatafuta ingine. Msiitane. Mnaskia? Mtu asiitane mpaka tufike nje."

Godoro la kwanza likaanguka. Likafuata la pili, kisha la pembeni, harufu ya ngozi mbichi ikizunguka chumba taratibu, bila haraka, kama mnunuzi anayekagua mbuzi mnadani. Mama alimbeba Naisula begani, akatangulia. Ochola alijikokota nyuma yake, ameukumbatia mkono uliopondeka. Apondi akabaki wa mwisho, akirudi kinyumenyume.

Kizingitini Ochola aligeuka. Aliona ngozi ya ngoma kubwa, hatua moja nyuma ya rafiki yake, ikibonyea chini ya uzito wa kitu kilichokuwa kinaipanda. Mapenzi na hofu havingoji ruhusa.

"Apondi!" akapiga kelele. "Toka hapo!"

"Niko," ikaitika sauti ya Apondi kutoka juu ya ngoma.

Apondi mwenyewe alikuwa bado hajafungua kinywa. Alipokifungua, hakikutoka kitu.