Taa ya Mtani

Kunde ilikuwa inaelea juu ya mkeka, usawa wa macho ya mtu aliyekaa chini. Haikuwa kunde ya kula. Kilikuwa ni chombo, na kwenye karatasi zake kimeandikwa kinasamatukio, lakini kwa udogo wake na rangi yake ya kahawia watu wa Kisarawe walikiita kunde, na jina likakaa. Kinasikiliza, kinatazama, na hapo hapo kinaandika. Mtu akisema neno, linatokea kwenye kioo cha mkononi cha mwenye kunde likiwa limeshawekewa nukta na mkato.

Mwenye kunde alikuwa Mwantumu, binti wa marehemu Mzee Mwinshehe. Ilikuwa siku ya tatu ya msiba wa baba yake na alikuwa hajadondosha chozi hata moja. Watu walikuwa wameanza kumtazama.

Blogu yake ilikuwa na wiki mbili tu. Aliifungua kwenye mtandao unaoitwa Ungo, ambako mtu aliyeishia darasa la saba kama yeye aliweza kuandika akasomwa. Alijifunza polepole, kidude kwa kidude. Kulikuwa na vitufe vinne: Nasa, Andika, Tambulisha, Tangaza. Makala yake ya kwanza ilihusu kutia ukili wa mikeka rangi bila kuuchoma, nayo ilisomwa na watu kumi na mmoja, mmoja wao akiwa shangazi yake, ambaye alisomewa. Baba yake hakuwemo kwenye makala hiyo wala popote. Mzee Mwinshehe hakupenda kunaswa. "Anayetaka kuniona aje anisalimie," alikuwa akisema, huku anageuza uso. Amekufa hajaacha picha wala sauti.

Ndipo Mihambo akatoka chumbani kwa marehemu akiwa amevaa koti la marehemu.

Mihambo Kasubi alikuwa fundi wa pampu kwenye mnara wa maji, Mnyamwezi, na mtani wa nyumba ile kama alivyokuwa baba yake na babu yake. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara ya miguu, na umevuka mpaka enzi za treni za waya. Mtani anakutukana, hata kukuita mtumwa wake, nawe hukasiriki. Kwenye msiba hiyo ndiyo kazi yake, na asipoifanya watu huuliza kuna ugomvi gani.

Alitembea bega moja likiwa chini, kama marehemu. Akakohoa mara mbili, kama marehemu. Kisha akaita kwa sauti ambayo iliwafanya wanawake washike vifua: "Mwantumu! Chai hii umempikia mgonjwa? Sukari iko wapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mihambo akarudi kwenye sauti yake mwenyewe.

"Mtumwa wangu huyu alikuwa mvivu! Kaniahidi kuniezekea banda la kuku, kaiona kazi, kafa! Watu wa Pwani nyie mnakufa kukwepa kazi!"

"Na wewe Mnyamwezi umekuja kulia au kula?" Shangazi Mwanamvua akamrushia.

"Kula! Kulia nitalia nikishiba."

Mwantumu akacheka. Katikati ya kicheko machozi ya siku tatu yakashuka yote kwa pamoja. Alilia mpaka kanga ikalowa, naye Mihambo akazidi kumtukania ukoo, mpaka alipotulia.

Kunde ilinasa yote.

Kesho yake Mwantumu alibonyeza Andika, makala ikajipanga pamoja na picha na sauti. Akafika kwenye kitufe cha tatu, ambacho hakuwahi kukitumia. Kioo kikamuuliza: "Je, ungependa kumtambulisha kila aliyezungumza?" Akakumbuka shukrani za mwisho wa msiba, namna msomaji anavyotakiwa kutaja kila aliyekuja, kwa sababu anayerukwa hasahau. Kwa hiyo hakumruka mtu. Aliandika kwa heshima yote: Mihambo mwana wa Kasubi, wa Maneromango, fundi wa mnara wa maji, mtani wetu. Akabonyeza Tangaza.

Watu elfu sita waliisoma. Jioni yake ulikuja ujumbe kutoka Ungo wenye picha ya ua: "Umelindwa, Mwantumu." Aliona ni watu wastaarabu. Akajibu: "Ahsanteni, nanyi mlindwe."

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, aliifungua makala ile na kusikiliza mahali pamoja tu. Kikohozi mara mbili. Sukari iko wapi.

Siku tano kabla ya arobaini alimpigia Mihambo kumkumbusha.

"Hujambo, dada Mwantumu," Mihambo alisema. "Natumaini mnaendelea vizuri."

Mwantumu akakitazama kioo kama kina kasoro. "Mtani, umelewa?"

"Hapana, dada. Nashukuru kwa kunijulia hali."

Mwantumu alipanda treni ya kwanza kwenda Maneromango. Alimkuta Mihambo amekaa kibarazani kwake saa tatu asubuhi, saa ambayo fundi wa pampu huwa juu ya mnara. Mkononi, bangili yake ilikuwa inawaka nyekundu.

Bangili hiyo kila mtu mzima alikuwa nayo, na taa yake iliitwa taa ya staha. Kijani, milango inakufungukia: ya kazini, ya treni, ya dukani, hata bomba la maji. Njano, umeonywa. Nyekundu, milango haikujui. Aliyeiwasha na kuizima alikuwa Mpembuzi, akili mnemba ya Ungo, anayepepeta maneno ya watu na kutoa matusi kama mtu anavyotoa pumba. Taa hiyo ilianzishwa kwa nia njema, na kweli ilisaidia. Wanawake waliokuwa wakitukanwa mtandaoni mpaka wakajifungia ndani walianza kutoka. Mwantumu mwenyewe asingethubutu kufungua blogu bila taa ile.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ya nne ya msiba."

"Mwezi mzima! Mbona hukuniambia?"

Mihambo alichungulia bangili ya Mwantumu, maana tangu shauri lile bangili zao zilikuwa na masikio. "Nipo kwenye darasa la staha, dada. Nimefika somo la sita. Mfiwa hupewa pole kwa sauti ya chini, asiguswe mavazi ya marehemu wake."

Alisema vile bila kutabasamu. Mwantumu alisubiri atabasamu. Hakutabasamu.

Alikaa pale pale kibarazani, akafungua kioo na kumwita Mpembuzi. Sauti iliyojibu ilikuwa ya upole, kama ya muuguzi.

"Huyu ni mtani wangu," Mwantumu alisema.

"Neno mtani ninalo. Ni mtu wa mizaha. Lakini mzaha hauondoi jeraha. Maneno ya kudhalilisha ni kumi na saba. Umeitwa wewe na wazazi wako watumwa mara nne. Ulilia kwa dakika sita."

"Nililia kwa sababu alinisaidia kulia."

"Pole, Mwantumu. Wengi walioumizwa humtetea aliyewaumiza. Ndiyo maana maneno yako hayawezi kumfungua."

"Nini kinaweza kumfungua?"

"Masomo yote thelathini na nane. Au mwenye kumbukumbu aifute tangu shina. Kumbukumbu isipokuwepo, hakuna shauri. Ikifutwa hairudi, hata kwenye kunde."

Mwantumu akakiweka kioo mapajani.

"Usifute, dada," Mihambo alisema taratibu. "Najua humo mna nini. Yamebaki masomo thelathini na mawili tu."

"Na maji unachota wapi?"

Mihambo alielekeza kidole mlangoni. Zilikuwepo ndoo mbili za maji aliyochotewa na jirani, naye ndiye fundi aliyewapampia maji watu kwa miaka ishirini na sita.

Mwantumu aliifungua makala akatazama na kusikiliza mara moja, na Mihambo akasikiliza naye, ameinamisha kichwa. Bega chini. Kikohozi mara mbili. Sukari iko wapi. Kisha akabonyeza Futa, na kioo kilipomuuliza kama ana hakika akabonyeza tena. Taa ya Mihambo ikawa njano, na baada ya muda, kijani.

Siku ya arobaini ilisomwa hitima, pilau ikapakuliwa. Lango la mtaa lilimfungukia Mihambo bila neno. Aliingia na kanzu iliyopigwa pasi, akavua viatu, akakaa mwisho wa mkeka, mikono katikati ya magoti.

"Poleni sana, wafiwa," alisema kwa sauti ya chini.

Shangazi Mwanamvua akamsogelea Mwantumu. "Huyu ni nani? Mihambo naye tumemzika?"

Watu walikula kimya. Walimtazama Mihambo, wakatazama koti lililotundikwa msumarini, wakarudisha macho kwenye sahani. Juu ya mlango lilikuwepo sikio la nyumba, kitundu chenye mwanga mdogo, linalosikia kila kinachosemwa uwanjani. Hakuna aliyekuwa akilijali zamani, kabla shauri la Mihambo halijamfanya Mpembuzi aisikilize nyumba ile. Sasa kila aliyetaka kusema jambo alilitupia jicho kwanza.

Mwantumu alikuwa ameshaiweka kunde kwenye kopo na kulifunga. Alidhani akifuta, kila kitu kitarudi kilivyokuwa. Alimtazama yule mtu anavyotafuna bila sauti, anavyopangusa mdomo kila baada ya tonge, anavyosema "ahsante dada" kwa kila anayempitishia maji. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaangua koti msumarini, akaenda kusimama mbele yake.

"Mihambo! Mtumwa wangu!" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Umekuja kwenye pilau ya baba yangu umekaa kama mwari? Mnyamwezi gani anashiba kwa sahani moja?"

Sikio la nyumba likapepesa. Kwenye mkono wa Mwantumu bangili ikalia mlio mfupi, na taa yake ikageuka kutoka kijani kuwa njano.

Mihambo aliiona. "Dada," alinong'ona, "taa yako."

"Nimekuuliza, mtumwa wangu. Au wazazi wako hawakukufundisha kujibu?"

Bangili ikalia tena. Mwantumu hakuitazama. Alikuwa amelishikilia koti wazi kwa mikono miwili, kama mtu anavyomvisha mgeni aliyeshikwa na baridi.

Mihambo alikitazama kile kitundu cha juu ya mlango. Akamtazama Mwantumu. Akainuka, akaingiza mkono mmoja kwenye koti, akaingiza na wa pili, na bega lake la kushoto likashuka chini polepole.

Akakohoa mara mbili.

Mwantumu akaenda kuchukua sukari.