Kioo cha Mbele Kilichokuwa Bado Kibichi

Kila siku saa tisa alasiri, msichana wa darasa la sita aliifungua nyumba isiyo na mtu, akala chakula kilichofunikwa kwa sahani, kisha akafanya hesabu zake peke yake. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake, mfamasia, alirudi jioni akiwa hoi, amebakiwa na maneno machache. Walizungumza dakika kumi tu kwa siku: asubuhi, garini, akimpeleka shule kabla ya kushika barabara kuu kwenda kazini.

Siku moja jiwe lilipasua kioo cha mbele cha gari lao. Alikuja fundi vioo, mzee asiye na karakana wala bango. Alikata gundi kuukuu kwa waya, akasafisha fremu, akapaka gundi mpya kwa mstari mmoja usiokatika, kisha akakilaza kioo kipya mahali pake.

“Dirisha hili nimelishusha makusudi,” alisema. “Yote yakiwa juu, mlango ukibamizwa, hewa ya ndani itakisukuma kioo, na gundi bado mbichi. Lisiguswe mpaka kesho.”

“Umesikia, mama?” baba alimuuliza binti yake.

“Nimesikia, baba.”

Baba aliondoka kumsindikiza fundi. Nyumba ikanyamaza. Msichana akaingia garini, akaketi mahali pake, akaanza kukisimulia kiti cha dereva habari za shule. Vumbi lilipotimka, mkono wake ulipandisha dirisha kwa mazoea.

“We shoga!” binti wa jirani alimwita kutoka uani kwao. “Unaongea na usukani? Haya, umekujibuje?”

Kwa aibu alitoka na kuubamiza mlango. Kona ya juu ya kioo ikainuka, ikaacha ufa mwembamba kwenye gundi.

“Nyamaza tu,” binti wa jirani alisogea, akanong’ona. “Nani atajua?”

Pengine hakuna ambaye angejua. Msichana alijua pia kwamba akisema, gari lingelala nyumbani kesho yake, na dakika zake kumi zingepotea. Lakini aliifikiria barabara kuu, na baba nyuma ya kioo kile. Baba aliporudi, alimweleza kabla hajavua viatu.

Fundi aliitwa. Alikagua kona, akaongeza gundi, akakikandamiza kioo.

“Garini ulikuwa ukifanya nini, mjukuu wangu?”

“Nilikuwa naongea na baba.”

“Baba hakuwepo.”

“Ndiyo maana.”

Baba aliinamisha kichwa. Fundi alifuta mikono taratibu.

“Umesema gundi ikiwa mbichi, ndiyo maana nimetengeneza kwa nusu saa,” alisema. “Ungenyamaza, kesho kioo kingeweza kumwangukia baba yako mapajani akiwa kwenye mwendo. Kosa liseme mapema, hata kama linakuaibisha. Na gari lisiende popote kesho.”

Asubuhi iliyofuata baba aliamka mapema kuliko kawaida, akachukua mkoba wa binti yake, wakaenda shule kwa miguu. Ulikuwa mwendo wa dakika arobaini. Msichana hakuhitaji daftari kujua kwamba hizo ni kumi mara nne.

“Haya,” alisema baba, “nisimulie ulichokiambia kile kiti.”