Kura ya Mjane wa Blaen-nant

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Lowri alisuka siagi. Alisimama jikoni kando ya pipa la maziwa, akausukuma mti wake juu na chini mpaka mabega yakamuuma, huku mama yake, Bi Leisa, akikamua ng'ombe zizini. Baadaye walikunywa chai kwa mkate wa shayiri, kisha Lowri akateremka bondeni mbio, viatu vyake vya mbao vikigonga barafu ya njiani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tangu baba yake alipofariki, shamba la Blaen-nant lilikuwa mikononi mwa Bi Leisa peke yake.

Shamba lenyewe halikuwa lao. Bonde lote lilikuwa mali ya Kanali Hartley-Rees, na kila mpangaji alijua kwamba mwezi wa tatu, siku ya kulipa kodi, Kanali angeweza kumwambia afunge virago bila kumpa sababu. Wazee waliwakumbuka majirani waliofukuzwa zamani kwa kupiga kura isiyompendeza bwana, enzi zile mtu alipotaja jina la mgombea kwa sauti mbele ya umati. Sasa kura ilikuwa ya siri, lakini woga wa watu ulikuwa bado haujapata habari hiyo.

Majira yale ya baridi ulikuja uchaguzi ambao haujawahi kuonekana: watu wa kaunti walikuwa wanakwenda kuchagua baraza lao wenyewe. Kanali aligombea. Mpinzani wake alikuwa Ifan Prothero, mwenye kinu cha kusaga nafaka, mzee wa kanisa la Betania ambako wakulima wote walisali. Tena safari hii sheria ilisema kwamba mjane anayeshika shamba, hata la kukodi, naye apige kura. Pale bondeni mjane wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, Bi Leisa, na watu walianza kumtazama kana kwamba ameota pembe.

Siku ya Mwaka Mpya, watoto walipita nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa mikate na karanga, kama ilivyo desturi. Lowri alikwenda na rafiki yake Betsan, binti wa Mzee Tomos wa shamba la jirani. Walifika hata kwa Bwana Crofton, wakala wa Kanali, aliyekusanya kodi za bonde zima. Bwana Crofton akawasikiliza hadi mwisho, kisha akamwinamia Lowri.

"Wewe ni wa Blaen-nant, siyo? Mama hajambo?"

"Hajambo, bwana."

"Maskini. Shamba kubwa vile, na mwanamke peke yake! Huenda mwezi wa tatu tukamtafutia Kanali mpangaji mwenye nguvu zaidi. Labda tungeona vingine, kama tungejua mama yako yuko upande gani."

Lowri aliona giza. Alimwona mama yake barabarani na kifurushi kichwani, na yeye nyuma akimburuta ng'ombe. Kabla hajafikiri, mdomo ukafunguka.

"Yuko upande wa Kanali, bwana! Kasema mwenyewe. Kura yake ni ya Kanali."

Bi Leisa hakuwa amesema hivyo. Hakuwa amemwambia mtu neno lolote. Bwana Crofton akatabasamu, akampa kila mtoto kipande cha keki.

Njiani Betsan alimshika mkono. "Kweli mama yako kasema vile?"

Lowri aliogopa kwamba akisema hapana, maneno yatamrudia wakala. "Kweli," akajibu. Hivyo ndivyo uongo ulivyo, mmoja hauishi bila kuzaa wa pili.

Baada ya siku chache gari la farasi likapanda kilima mchana kweupe, likamwaga lundo la makaa ya mawe uani Blaen-nant. "Zawadi ya Kanali," mwenye gari akasema, akaondoka. Bi Leisa akabaki amesimama, mikono kiunoni.

"Zawadi ya nini? Huyu Crofton ananitega," alisema. "Lowri, usiguse hata kipande. Tutakufa na baridi, lakini hatutayawasha."

Lowri alitaka kusema. Badala yake akachukua ndoo, akaenda zizini.

Lakini bonde lilikuwa limeyaona yale makaa. Bwana Crofton naye alizunguka mashambani akijigamba kwamba mjane wa Blaen-nant ana akili kuliko wanaume wote wa Betania. Shuleni watoto walimzunguka Lowri wakiimba, "Makaa! Makaa! Kura kwa makaa!" Betsan alisimama mbali akatazama chini. Jumapili kanisani, wanawake waliokaa benchi moja na Bi Leisa walisogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki yeye na binti yake peke yao. Mwenye duka akampimia chumvi bila kumsalimu.

"Si uwaambie hujasema kitu, Mama?" Lowri alinong'ona.

"Sitawabembeleza watu kwa jambo nisilolitenda," Bi Leisa akajibu. Lakini alipoifunga chumvi, alikaza fundo mpaka uzi ukakatika.

Hayo yote yangevumilika, kama isingekuwa siku ya kupura. Mashine ya mvuke ya kupura nafaka ilikuwa ikizunguka bondeni, na kila ilipofika, majirani wote walikwenda kusaidia bila malipo. Leo kwako, kesho kwangu. Mashine ile haikuweza kulishwa na watu wachache. Mwaka mzima Bi Leisa alikuwa amekwenda kwa wengine, akafunga miganda, akapika, akabeba magunia. Sasa ilikuwa zamu yake. Asipopura, hakuna mbegu, hakuna chakula cha ng'ombe, hakuna kodi ya mwezi wa tatu.

Alipika tangu alfajiri: nyama ya nguruwe, viazi, mkate, sufuria kubwa kabisa ya nyumba ile. Mashine ikafika, ikawashwa, ikanguruma. Bi Leisa akasimama mlangoni akitazama njia. Hakuja mtu. Moshi wa mashine ukapanda, jua likapanda, na njia ikabaki tupu.

Mwenye mashine alivua kofia. "Mama, mimi si wa hapa, sijui mmegombana nini. Lakini siwezi kupura na mwanamke mmoja na mtoto. Naenda shamba linalofuata. Wakija watu, niite."

Mashine iliposhuka kilima, Bi Leisa aliingia ndani, akakaa mbele ya ile sufuria ya chakula, akafunika uso kwa aproni. Lowri hakuwa amewahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi. "Tumekwisha," alisema. "Shamba la baba yako limekwisha."

Hapo Lowri hakuweza tena. Alipiga magoti sakafuni, akasema yote: wimbo, swali la wakala, jibu lake, keki, na Betsan.

Bi Leisa aliishusha aproni. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka tusifukuzwe."

Lowri alingoja kofi. Halikuja, na hilo lilimtisha zaidi. Bi Leisa alijifuta uso na kusimama.

"Vaa koti. Kinywa kilichosema ndicho kitakachofuta. Twende kwa Bwana Crofton kwanza."

"Mama, atatufukuza!"

"Huenda. Vaa koti."

Walimkuta wakala mlangoni mwa banda la farasi. Lowri alikuwa hasikii miguu yake kwa baridi na hofu. "Bwana, nilisema uongo. Mama hakusema atampigia Kanali."

Uso wa Bwana Crofton ukabadilika. "Ahaa! Kumbe ni wa yule msaga unga."

"Sijui, bwana. Hajaniambia."

"Basi niambie wewe, Bi Leisa."

"Sheria inasema ni siri, bwana. Na makaa yako yapo uani, hayajaguswa. Nikipata gari nitayarudisha."

"Sheria haikodishi mashamba, mama."

"Najua, bwana."

"Mwezi wa tatu nitakuja Blaen-nant mwenyewe," alisema, akawapa mgongo.

Jioni hiyo palikuwa na ibada ya katikati ya juma. Watoto wa Betania walikuwa na desturi ya kusimama mbele ya Mchungaji Elias, kila mmoja akisema mstari wa Biblia aliojifunza. Zamu ya Lowri ilipofika, mstari ulikuwa umemtoka kabisa.

"Sina mstari," alisema, machozi yakimchuruzika. "Mama yangu hakuahidi kura kwa mtu. Makaa hakuyaomba. Ni mimi niliyemdanganya Bwana Crofton, nikamdanganya na Betsan. Mkitaka kumchukia mtu, nichukieni mimi. Mashine imekwenda zake, na shayiri yetu bado iko ghalani."

Mzee Tomos alisimama, kofia ikizunguka mikononi mwake.

"Bi Leisa, mimi ndiye niliyewaambia watu wasije kwako leo. Nisamehe. Nilihukumu kwa kuona makaa." Akakohoa. "Basi tutulize mioyo. Tuambie tu kwamba utampa ndugu yetu Ifan."

Bi Leisa alisimama pia. "Hata wewe, Tomos? Bwana Crofton aliniuliza hivyo hivyo mchana huu. Nimemnyima yeye jibu, nikupe wewe?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine, kicheko cha watu walioshikwa. Ifan Prothero mwenyewe, masikio yakimwiva kwa haya, akasema kutoka benchi la wazee, "Asiulizwe tena. Na asiyekwenda kesho Blaen-nant, asilete nafaka kwenye kinu changu."

Walikuja wote. Mashine ikarudi, miganda ikaruka, na vumbi likawafanya wote kuwa rangi moja. Chakula cha jana kilichotiwa moto kililiwa mpaka sufuria ikang'aa. Jioni Mzee Tomos alipakia makaa kwenye gari lake, akayarudisha kwa wakala, na Betsan akakaa juu ya lundo kama malkia aliyepakwa masizi, amemshika Lowri mkono.

Siku ya uchaguzi, Bwana Crofton alisimama upande mmoja wa mlango wa shule, na watu wa Betania upande wa pili. Bi Leisa akapita katikati yao, akaingia. Alipotoka hakumtazama mtu. Kesho yake habari zikaenea kwamba Kanali ameshindwa, tena vibaya. Bonde lilishangilia, lakini Blaen-nant hakuna aliyecheka. Kanali aliyeshindwa ni hatari kuliko Kanali anayegombea, na ardhi bado ilikuwa yake.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Bi Leisa hakuthubutu kupanda viazi ambavyo huenda vingechimbwa na mtu mwingine. Alivifunga vyombo vya marehemu mama yake kwa nyasi kavu, akaviweka sandukuni. Kila farasi aliposikika njiani, Lowri aliacha kazi na kusikiliza. Alijua kwamba wakifukuzwa, majirani watawahurumia, lakini huruma haina paa.

Siku ya kodi, farasi hakupita. Aliingia uani.

Bwana Crofton alipokea kodi, akaihesabu, akaitia mfukoni. Aliona sanduku lililofungwa pembeni.

"Bi Leisa," alisema, "nimewauliza wapangaji wote wa Kanali. Wote, mmoja mmoja, wameniapia kwamba walimpigia yeye. Kwa hesabu yao Kanali ameshinda! Ni wewe tu usiyeniambia neno. Nimekaa na kufikiri. Kati ya watu wote wa bonde hili, ni nyumba hii pekee iliyokuja mlangoni kwangu kunifutia uongo." Akapanda farasi wake. "Fungua sanduku lako, mama. Mwakani nitakuja tena kuchukua kodi."

Alipotokomea, Bi Leisa akakaa pale pale kwenye kizingiti. Lowri akakaa karibu naye. Walilia, wakacheka, wakalia tena.

"Mama," Lowri alisema hatimaye, "ulimpigia nani?"

Bi Leisa alimvuta karibu. "Nilipokuwa msichana, baba yangu alinisemea kila kitu. Nilipoolewa, baba yako alinisemea, na alikuwa mtu mwema. Alipokufa, Crofton akataka kunisemea, na Tomos naye. Siku ile ya uchaguzi, nyuma ya ubao wa kupigia kura, nilikuwa peke yangu na penseli, nikajisemea mwenyewe. Lakini unajua nani alikuwa wa kwanza kunisemea kura ile? Wewe, mwanangu."

Lowri akainamisha kichwa.

"Ulifanya kwa kunipenda, ndiyo maana iliniuma zaidi. Uongo hata ukiwa wa kumwokoa mtu, huanza kwa kumnyang'anya sauti yake. Ukiogopa, sema unaogopa. Usipojua, sema hujui. Maneno hayo mawili unaweza kuyasema mbele ya wakala, mbele ya mchungaji, na hutahitaji kuyafuta."

"Nimesikia, Mama." Lowri akajifuta pua. "Lakini jina je?"

"Jina lipi?"

"La uliyempigia."

Bi Leisa akasimama, akachukua jembe lililoegemea ukutani, akaelekea kwenye shamba la viazi.

"Hilo ni langu," alisema.