Sahani Iliyorudi Nzito

Sahani ya mgeni ilirudi jikoni ikiwa nzito kuliko ilivyotoka. Mokeira aliipima kwa mkono wa kushoto, akaipima kwa wa kulia, kisha akajiambia amechoka. Alikuwa amepakua ugali wa wimbi wa mtu mmoja, mboga za kienyeji na paja la kuku, maana mgeni hapewi shingo. Sasa paja lilikuwa pale pale, mboga pale pale, na ugali umefura mpaka ukingoni mwa sahani, una alama za vidole, kama wa mtu aliyekata tonge akalirudisha. Aliumwaga uani. Kuku wake, wale wezi wasioacha hata punje, walikuja mbio, wakafika hatua mbili kutoka pale, wakageuka wakaenda zao.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza, Alhamisi moja ya mwaka 1965, mjini Migori, na safari ilikuwa imebakiza siku nane.

Safari ilikuwa ya Ogeto, mumewe. Ogeto alikuwa mwalimu, na alikuwa mtu wa mipango. Hata kunyoa ndevu alikuwa na ratiba. Tangu Uhuru alikuwa akilalamika kwamba watoto wa shule yake wanajua mito yote ya Uingereza lakini hawajawahi kupanda milima wanayoiona dirishani. Basi akaamua kuwapeleka Kegonga, kule juu kwa Wakuria, waone msitu na maporomoko ya maji, wasikie litungu, lile zeze kubwa lenye sauti nzito, na wawaone wachezaji wanaovaa viatu vya mbao vizito na kukanyaga ardhi mpaka kifua cha mtazamaji kinatikisika. Meza ya sebuleni ikafunikwa na ramani, orodha za majina na hesabu za viazi vya njiani. Afisa wa elimu kutoka Homa Bay alikuwa ameahidi kuja kushuhudia, na Ogeto alishaanza kutembea kama mwalimu mkuu.

Mwenyeji wao alikuwa Nicodemus Mirumbe, mwalimu wa huko Kegonga. Yeye aliandika kwamba mvua imebomoa daraja, lori litawaacha chini, nao watapanda kwa miguu. "Nitatuma mtu awaongoze njia," barua ilisema.

Kwa hiyo ile Alhamisi, jua likiwa utosini, mtu mrefu alipobisha hodi, miguu mitupu, koti limelowa mabegani ilhali Migori haikuwa imepata tone la mvua tangu Jumapili, Ogeto hakumngoja aseme neno.

"Karibu, mzee, karibu! Wewe ndiwe mtu wa Nicodemus. Amekutuma mapema, vizuri sana!"

"Nimeteremka mlimani," mgeni akasema, akaketi kwenye kigoda kando ya mlango.

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Kwa Wagusii kama Ogeto na mkewe, na kwa majirani zao wa pande zile, mgeni haulizwi jina wala shida iliyomleta kabla hajala. Mtu akikuuliza umefuata nini ilhali tumbo lako tupu, amekufukuza. Ogeto aliishika mila hiyo sawasawa, ila alishindwa kukaa na orodha yake. Chakula kikiwa bado jikoni alisimama mbele ya mgeni, akakunjua karatasi, akasoma kwa ile sauti yake ya gwaride.

"Wa kwanza, Nyanchama, binti Ogeto. Namtanguliza wangu, mzee, wazazi wasije wakasema naogopa njia. Nakukabidhi. Yuko mikononi mwako."

Mgeni akainua mkono. "Huyo anatosha kwa leo, mwalimu."

Mokeira aliyasikia hayo akiwa jikoni, na mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Hakujua kwa nini. Sebuleni Nyanchama, msichana wa miaka kumi, alikuwa akicheka kwa kuona amepewa heshima ya kuwatangulia wenzake wote.

Siku ya pili mgeni hakula. Ya tatu hakula. Kila sahani iliyokwenda nusu ilirudi imejaa, na kila iliyorudi ilinuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa wakati wa mvua na kuachwa wazi. Mgeni mwenyewe hakusumbua mtu. Alikaa tu pale mlangoni, na mwenye kutaka kutoka ilibidi ampite karibu. Aliponyanyuka kujinyoosha, nyayo zake tupu zilitoa mlio wa mbao kwenye sakafu ya udongo, gu, gu, gu, na vikombe vikalia kabatini.

Siku ya Sabato, Ogeto aliomba kwa sauti kabla hawajaenda kanisani. Mgeni aliitikia "Amina" wakati sala iko katikati, na Ogeto akashindwa kupata sentensi iliyofuata.

Nyanchama ndiye aliyemzoea. Alikaa miguuni pake akifundishwa njia, na jioni akiosha vyombo aliikariri kama shairi la shule: mti uliovunjika, jiwe jeupe, kijito, pango, pahali pa kukaa.

"Pahali gani hapo pa kukaa?" Mokeira alimuuliza.

"Kule juu, Mama. Kuna baridi. Watu wengi wamekaa wanangoja chakula, lakini hakiji."

Mokeira alimvuta mumewe nyuma ya nyumba. Aliongea kwa kunong'ona, ingawa ilikuwa mchana kweupe.

"Baba Nyanchama, muulize huyu mtu ametumwa na nani."

"Nitamuulizaje na hajala?"

"Hatakula! Huoni? Hatakula kamwe!"

"Punguza sauti. Unataka Nicodemus aambiwe kwamba kwa Ogeto wageni wanahojiwa kama wezi?" Kisha akanywea, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Mokeira akaona kwamba mumewe anaogopa. "Hata mimi nimejaribu," akasema. "Nafungua mdomo, swali linakwama. Siwezi, Mama Nyanchama. Siwezi."

Jumatatu ilikuwa siku ya soko. Mokeira alikwenda kwa Bhoke, mwanamke wa Kikuria aliyeteremka kila wiki na tumbaku, ambaye ndiye alikuwa posta yao ya kwenda na kutoka Kegonga. Bhoke alitoa barua ya Nicodemus kutoka kwenye kitambaa cha kiunoni. Mokeira aliifungua hapo hapo, akasoma akiwa amesimama kati ya mafungu ya tumbaku.

"Yule kijana wa kuwaongoza atateremka Alhamisi, siku moja kabla ya safari. Kwa sasa yuko hapa kwangu, anachonga viatu vya ngoma."

Aliisoma mara tatu. Kisha akakaa chini kwenye vumbi.

"Mama Nyanchama, nini? Kuna matanga?" Bhoke akauliza.

Mokeira akamweleza yote, kuanzia kigoda na koti mpaka sahani. Bhoke alisikiliza huku akifunga tumbaku yake upesi upesi, ijapokuwa soko lilikuwa bado bichi.

"Hiyo si mtu yetu," akasema kwa sauti ya chini. "Watu ya pwani wanaita jini, nyinyi wa kanisa mnasema pepo. Sisi tunasema tu yule wa njiani. Wakati ya njaa kubwa watu walizunguka huko milima wakibisha hodi. Walipigwa maswali mlangoni, wewe nani, wewe wa wapi, mpaka wakafia hapo hapo. Sasa yeye hataki kuulizwa. Anakaa tu."

"Nimfanyeje?"

"Mlishe na mkono yako, kama mtoto. Hakuna mtu alimlisha. Akimeza, muulize. Akijibu, lazima atoke. Lakini usimsindikize, hata hatua moja. Mtu yeyote asimsindikize." Akakaza fundo la mwisho. "Kuna mtu mlimpatia?"

Machozi yalimtoka Mokeira.

Bhoke akaangalia pembeni. "Basi fanya haraka, dada. Ya kulisha najua. Hiyo ingine sijui dawa yake."

Waliongozana, lakini Bhoke alifika langoni akagoma kuingia. Ogeto aliisoma barua, akasawijika. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kigoda, akapiga magoti, yeye mwenye suruali ya pasi, akasema, "Mzee, nilikosea. Yule mtoto namchukua tena. Nichukue mimi." Mgeni alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikija. Ogeto alirudia, akarudia tena, mpaka sauti ikamkauka, na mwisho akamnyanyua Nyanchama, akaingia naye chumbani, akafunga mlango na kumkumbatia huko ndani.

Ndipo mvua ikaja kweli. Mokeira alisonga ugali, akapakua mboga, akachukua sahani, akapiga magoti mahali pale pale alipopigia mumewe, na bati la nyumba likipigwa mpaka hakusikia hata moyo wake mwenyewe, alikata tonge, akalichovya, akalinyanyua kuelekea ule uso ambao kwa siku tano hakuwa amethubutu kuutazama, na mdomo ukafunguka, ukaendelea kufunguka, na vidole vyake vikaingia mahali penye baridi na unyevu na harufu ya shimo, pasipo na ulimi wala meno aliyoweza kuyagusa, akaacha tonge humo akachomoa mkono, akasikia kitu kikishuka mbali sana, kama jiwe lililotupwa kisimani, na kabla hajapumua mdomo ulikuwa umefunguka tena, naye akalisha, akalisha, akalisha, mpaka sahani ikawa tupu kwa mara ya kwanza.

Mgeni alifuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Nimeshiba, mama," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu wa kawaida kabisa, mtu mchovu. "Niulize."

"Wewe ni nani? Umefuata nini kwetu?"

"Mimi ni mgeni wenu. Nilifuata mtu wa kunisindikiza. Peke yangu njia ni ndefu."

"Hatukusindikizi," Mokeira akasema huku meno yakigongana. "Hakuna mtu wa nyumba hii atakayekusindikiza."

"Nimesikia."

Aliinuka. Gu, gu, gu, akavuka kizingiti, akaingia kwenye mvua. Kule langoni Bhoke alijifunika uso kwa kanga mpaka mgeni akapita. Mlio wa mbao ulipanda barabara ya Kegonga, ukawa mdogo, ukafa. Harufu ikatoka nyumbani, na kuku wakaingia wakiwa wamelowa, wakaanza kudonoa chembe chini ya kigoda.

Mokeira alilia kwa furaha. Alishika fremu ya mlango, akamshukuru Mungu, kisha akatazama uani.

Kwenye matope kulikuwa na nyayo zinazotoka. Zile kubwa zilikwenda sawasawa mpaka langoni. Kando yake, upande wa kushoto, kulikuwa na nyingine ndogo, za vidole vitano vitano, zikichukua hatua mbili kwa kila hatua moja ya zile kubwa, kama mtoto anavyofanya akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima.

Alipiga kelele, akausukuma mlango wa chumbani. Ogeto alikuwa ameketi kitandani, na Nyanchama yuko kifuani pake.

"Yuko hapa!" Ogeto alikuwa akicheka na kulia pamoja. "Nimemshika. Sikumwachia hata nukta moja, haki ya Mungu. Yuko hapa!"

Na kweli alikuwa hapo. Macho yake, nywele zake, kovu la goti alilolipata kwenye mwembe wa jirani. Mokeira alimshika mashavu, na mashavu yalikuwa baridi, lakini mvua ilikuwa imeleta baridi kila mahali. Alijiambia hivyo.

Ogeto alikunja ramani, akaandika barua mbili, moja ya Kegonga na moja ya Homa Bay, kwamba safari imevunjwa. Hakuonekana kujali cheo wala afisa. Saa za chakula cha jioni alikuwa hata ameanza kupiga mluzi.

Nyanchama alitoka chumbani polepole. Hakwenda mezani kwenye kiti chake. Alikwenda mlangoni, akaketi kwenye kigoda.

Mokeira alimpakulia ugali kidogo, mboga, na paja la kuku. "Kula, mwanangu."

Mtoto alikata tonge. Alilifinyanga taratibu, akalitazama, akalirudisha. Baadaye alisema asante kwa adabu nyingi, adabu ambayo Nyanchama hakuwahi kuwa nayo.

Mokeira aliibeba sahani mpaka jikoni. Ilikuwa nzito. Aliishikilia kwa mikono yote miwili, na swali likampanda kooni: mtoto wangu yuko wapi? Alijua namna ya kupata jibu. Ilikuwa ni kupiga magoti, kumlisha kwa mkono, kisha kuuliza. Angejibiwa, na kikishamjibu, kile kilichokaa mlangoni kingeinuka na kutoka kwenda zake, pamoja na macho yale, na nywele zile, na kovu lile la goti.

Kutoka sebuleni alimsikia Ogeto akisema, "Mbona huli, Nyanchama? Una nini?"

Mokeira aliangusha sahani, akakimbia, akamziba mumewe mdomo kwa kiganja.

"Usimuulize," akamnong'oneza. "Nakuomba, Baba Nyanchama. Bado hajala."